Mtoto wa mbwa asiye na mama: joto kwanza, maziwa baadaye

Umeletewa boksi. Ndani yake kuna kijibwa ambaye hata macho hajafungua, analia kwa sauti nyembamba kama kifaranga. Kila aliyesimama karibu atakwambia jambo moja: mpe maziwa. Usimpe. Bado.

Mtoto wa kwanza niliyemlea mimi alikufa akiwa ameshiba. Alikuja amepoa, nikadhani shida yake ni njaa, nikapasha maziwa na kumnywesha kwa bomba la sindano mpaka tumbo likakaza kama ngoma. Nikalala nimejipongeza. Alfajiri nilimkuta amekufa, na tumbo limejaa vilevile nilivyoliacha usiku. Daktari wa mifugo niliyemsimulia hakunigombeza. Alinieleza tu kwamba mwili uliopoa hausagi chakula. Joto likishuka sana utumbo wa mtoto husimama, maziwa yanakaa palepale yakichacha, tumbo linajaa gesi, au maziwa yanapanda juu na kuingia mapafuni. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na joto, ingawa najua wewe umekuja kutafuta habari za maziwa.

Jambo moja kabla hatujaanza: hakikisha kweli hana mama. Ukiwaokota watoto kichakani au chini ya ukuta, na ni wakavu, wana joto, wametulia, huenda mama yao ameenda kutafuta chakula na atarudi. Jitenge, uangalie kwa mbali saa chache. Na kama mama alikufa lakini yuko mbwa mwingine anayenyonyesha, jaribu kumwekea huyu mgeni kati ya watoto wake, ukimpaka kwanza harufu ya tandiko lao. Usiondoke, kaa uone anampokeaje. Mbwa wengi hukubali. Hakuna chupa itakayomshinda mama, hata wa kambo, hasa katika saa 24 za kwanza tangu kuzaliwa, kwa sababu dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, ndiyo inayobeba kinga na utumbo wa mtoto huweza kuifyonza kwa muda huo mfupi tu.

Hatua ya 1: Mpime joto

Ingiza ncha ya kidole kidogo kinywani mwake. Kinywa cha mtoto mzima kina joto, na ulimi hukidaka kidole mara moja. Ukihisi ubaridi, na ulimi umelegea tu, huyo amepoa. Ili uwe na uhakika, tumia kipimajoto: paka ncha yake mafuta ya mgando, iingize kidogo sana kwenye njia ya haja kubwa, usisukume.

Wiki ya kwanza joto la kawaida ni nyuzi 35 hadi 37. Wiki ya pili na ya tatu linapanda, nyuzi 36 hadi 38. Akifika mwezi mmoja anakaribia joto la mbwa mkubwa, nyuzi 38 na kitu. Akiwa chini ya 35, chupa ikae pembeni.

Kumpasha moto ni kazi ya polepole, saa moja hadi tatu. Njia ninayoipenda ni kumtia ndani ya shati, ngozi kwa ngozi, nikaendelea na shughuli zangu. La sivyo, chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo, naye awe pembeni yake, umgeuze kila baada ya dakika chache. Usimtumbukize kwenye maji ya moto, usimpulizie mashine ya kukaushia nywele, usimlaze juu ya kitu cha umeme kinachochoma. Ngozi yake inaungua kabla moyo haujapata joto, naye hana nguvu za kujisogeza.

Utajua yuko tayari fizi zikirudi rangi ya waridi na yeye mwenyewe akaanza kusukuma pua kwenye mkono wako akitafuta. Akiwa ameshapata joto lakini bado amelegea kama kitambaa, mpake matone machache ya maji ya sukari kwenye fizi kwa kidole, umpeleke kwa daktari wa mifugo. Ni hatari kungoja kesho.

Hatua ya 2: Kadiria umri

Macho na masikio yote yamefungwa: hajafika siku 10. Macho hufunguka kati ya siku ya 10 na ya 14, na masikio hufuata siku chache baadaye. Akisimama kwa kuyumba kama mlevi, yuko wiki ya tatu. Meno ya mbele yakianza kuchomoza kwenye fizi, ni wiki ya tatu kwenda ya nne. Usimfungue macho kwa nguvu hata kama unaona yamechelewa. Yakivimba au kutoa usaha kabla ya kufunguka, hiyo ni kazi ya daktari.

Hatua ya 3: Mtengenezee makao

Boksi la kuta ndefu linatosha. Chanzo cha joto kiwekwe upande mmoja tu, ili akizidiwa ajikokote kwenda upande wa pili. Hili la upande mmoja watu hulisahau, na mtoto anapikwa akiwa hai. Pale anapolala pawe na nyuzi 29 hadi 32 wiki ya kwanza, 26 hadi 29 wiki mbili zinazofuata, kisha ushuke mpaka kama 24 akifika wiki ya nne. Kipimajoto cha chumba kilale chini anapolala yeye, kwa sababu joto la juu ukutani halimhusu.

Watoto wenyewe wanakuambia. Wamejirundika na kulia, wana baridi. Kila mmoja amelala mbali na mwenzake, amejinyoosha na kuhema, joto limezidi. Wamegusana bila kubanana, wamenyamaza: umepatia. Kama ni mmoja tu, mkunjie kitambaa kinene kama mwenzake wa kuegemea.

Tandika kitambaa laini kisicho na nyuzi za vitanzi, maana kucha zinanasa. Na usiogope ukimwona amelala huku anarukaruka na kutetemesha miguu. Ndivyo wanavyolala, misuli inajijenga. Wa kutiliwa shaka ni yule aliyelala kimya kabisa, hatikisiki.

Hatua ya 4: Chagua maziwa

Maziwa ya ng'ombe ni ya ndama. Ya mbwa yana mafuta na protini zaidi ya mara mbili ya hayo, na sukari ya maziwa pungufu. Kwa hiyo ukimlea kijibwa kwa maziwa ya ng'ombe matupu, unampa mambo mawili pamoja: njaa na kuhara. Anakunywa, anajaa, uzito hauongezeki, na siku ya tatu anaharisha maji.

Kinachotakiwa ni maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa mbwa. Hupatikana kwa madaktari wa mifugo na maduka ya vyakula vya wanyama. Changanya kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, kwa maji yaliyochemshwa yakapoa kiasi. Usiyazidishe unga ukidhani unampa nguvu. Mazito kupita kiasi yanamfunga choo na kumkausha mwili.

Ikiwa ni usiku na hakuna duka lililo wazi, kuna mchanganyiko wa dharura: kikombe kimoja cha maziwa ya ng'ombe yasiyotolewa mafuta, viini vitatu vya mayai, kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya mahindi, na chumvi ya kushika kwa ncha za vidole viwili. Koroga vizuri, chuja. Ute mweupe wa yai usiutie, kwa sababu ukiwa mbichi unazuia vitamini moja ya kundi B isifyonzwe. Huu ni wa siku moja, mbili zikizidi. Nimeona watu wakilea kwa mchanganyiko huu mwezi mzima na mbwa akakua, lakini nimeona pia miguu iliyopinda.

Maziwa yaliyochanganywa yakae kwenye friji, yasizidi saa 24. Yaliyobaki kwenye chupa baada ya kunyonya, mwaga. Yapashe kwa kuzamisha chupa ndani ya maji ya moto, kisha dondosha tone upande wa ndani wa kifundo cha mkono: usihisi baridi wala moto. Maikrowevu inaacha sehemu zinazochoma katikati ya maziwa yanayoonekana vuguvugu, kwa hiyo mimi siitumii.

Kiasi? Piga hesabu kwa uzito. Kwa siku nzima, wiki ya kwanza, ml 15 hadi 20 kwa kila gramu 100 za mwili. Mtoto wa gramu 300 atahitaji ml 45 hadi 60, na ukigawa mara nane ni ml 6 hadi 8 kila mara. Tumbo lake haliwezi kubeba zaidi ya kama ml 4 kwa kila gramu 100 kwa mlo mmoja, yaani ml 12 kwa huyo wa gramu 300. Siku ya kwanza ya maziwa mapya mpe pungufu ya hapo, tumbo lizoee. Kopo likisema tofauti, fuata kopo.

Ratiba ni kila saa mbili hadi tatu wiki ya kwanza, usiku ukiwemo. Wiki ya pili saa tatu hadi nne, wiki ya tatu saa nne hadi sita. Kama kuna mtu nyumbani wa kupokezana naye, mpangane mapema. Usingizi ndio unaowashinda watu katika kazi hii, na mtu aliyechoka ndiye anayeharakisha chupa.

Hatua ya 5: Mnyonyeshe

Hapa ndipo wengi wanakosea. Tunawabeba kama watoto wa binadamu, chali mkononi, kichwa kwenye kiwiko. Mtoto wa mbwa hanyonyi hivyo. Ukimlaza chali maziwa yanaelekea kwenye koromeo la hewa, na nimonia ya maziwa inaua kwa siku mbili.

Mlaze kifudifudi juu ya taulo lililokunjwa, tumbo chini, kama angekuwa kwenye titi la mama yake. Kichwa kiinuke kidogo tu, kidevu kiwe sawa na meza au juu yake kidogo. Geuza chupa juu chini kabla hujampa: tone lianguke, kisha lingine, pole pole. Yakitiririka, tundu ni kubwa, tafuta chuchu nyingine. Yasipodondoka kabisa, tanua tundu kwa sindano iliyopashwa moto.

Fungua mdomo taratibu kwa ncha ya kidole, pitisha chuchu juu ya ulimi, uivute nyuma kidogo kana kwamba unamnyang'anya. Atashika. Ukitazama kwa karibu utaona ulimi umejikunja kuizunguka chuchu kama jani, povu dogo kwenye pembe za mdomo, masikio yanatikisika kwa kila mvuto, na miguu ya mbele inasukuma taulo, kulia, kushoto, kulia, kama mtu anayekanda unga. Ile ni kazi ya kukamua titi. Mwache aifanye, hata kama chupa haina haja ya kukamuliwa.

Usiibinye chupa. Kasi aiamue yeye. Ukitumia bomba la sindano (bila sindano yenyewe, bila shaka), sukuma tone baada ya tone, na usubiri ameze. Mimi sasa nalitumia tu kwa wale wadogo wasioweza kushika chuchu, na hata hapo mkono unanitetemeka.

Maziwa yakitokea puani, simama papo hapo. Mwinamishe kichwa chini, mfute pua, umwache apumue. Akianza kukohoa au kutoa mlio kama wa maji kifuani baadaye, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo.

Ameshiba akiachia mwenyewe, tumbo limejaa bila kukaza. Mweke begani au mkononi, msugue mgongo acheue. Wengine wanacheua, wengine hawana habari.

Hatua ya 6: Msaidie haja

Mpaka wiki ya tatu hivi, mtoto hawezi kukojoa wala kupata choo peke yake. Mama humlamba, wewe utatumia pamba iliyolowa maji ya vuguvugu. Kila baada ya kunyonya, wengine hupenda na kabla pia, msugue taratibu chini ya tumbo na kwenye njia ya haja, kwa mwendo mfupifupi wa ulimi. Mkojo unakuja ndani ya sekunde chache. Choo si lazima kila mara.

Angalia rangi. Mkojo uwe wa njano hafifu sana. Ukikolea, maji yamepungua mwilini. Choo kizuri ni cha njano au kahawia, laini chenye umbo. Kikiwa cha maji, au cheupe, au cha kijani, punguza kiasi cha mlo, uliza daktari. Baada ya hapo mfute, mkaushe. Ngozi ikibaki na unyevu inachubuka.

Ukisahau hatua hii, kibofu kinajaa na mtoto analia bila wewe kuelewa kwa nini.

Hatua ya 7: Pima uzito

Mizani ya jikoni inayosoma gramu, bakuli, kitambaa ndani yake. Kila siku saa ileile, andika. Anatakiwa kuongeza asilimia 5 hadi 10 ya uzito aliozaliwa nao kila siku, na kufikia mara mbili yake karibu siku ya 10. Siku moja bila kuongezeka, kuwa macho. Siku mbili, au akipungua, nenda kwa daktari. Macho yetu yanadanganya. Daftari lilinionyesha mara mbili mtoto anayedhoofika wakati mimi bado namwona mnene.

Hatua ya 8: Minyoo na viroboto

Minyoo ya mviringo humpata mtoto angali tumboni mwa mama, na tena kupitia maziwa. Kwa hiyo usisubiri umwone na kitambi. Dawa huanza akiwa na wiki mbili, hurudiwa wiki ya nne, ya sita na ya nane, kisha kila mwezi mpaka afike miezi sita. Kipimo ni kwa uzito, na dawa iwe ya umri huo. Minyoo hii huweza kuwaingia binadamu, watoto hasa, hivyo mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumshika na kusafisha choo chake.

Viroboto ni wadogo ila damu ya kijibwa ni kidogo pia, na wakiwa wengi wanaimaliza. Fizi zikiwa nyeupe, ni dharura. Dawa za viroboto na kupe za mbwa wakubwa usimguse nazo, nyingi ni sumu kwa umri huu. Tumia kitana chenye meno ya karibu, au mwoshe haraka kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, kichwa kikibaki nje, kisha mkaushe kabisa na umrudishe kwenye joto mara moja.

Hatua ya 9: Mwanzishie chakula

Wiki ya tatu kwenda ya nne, meno yakionekana, loweka chakula cha watoto wa mbwa kwa maji ya vuguvugu au maziwa yake, ponda mpaka kiwe kama uji mwepesi. Weka kwenye kisahani kifupi. Mara ya kwanza atakanyaga ndani, atapiga chafya, atajipaka mpaka masikioni. Usimzamishe pua; mpe kidogo kwa kidole alambe. Endelea na chupa huku unapunguza. Punguza maji ya uji wiki hadi wiki, na kufikia wiki ya saba au ya nane anatafuna chakula kikavu. Maji safi ya kunywa yawepo tangu anapoanza uji, kwenye chombo cha kina kifupi asije akazama.

Milo minne kwa siku mpaka kama miezi mitatu, mitatu mpaka miezi sita, kisha miwili. Kama ni wa jamii kubwa, tafuta chakula cha watoto wa mbwa wakubwa na usimwongezee madini ya kalsiamu. Ikizidi inaharibu mifupa inayokua. Asiguse chokoleti, vitunguu vya aina zote, zabibu mbichi au kavu, kitu chochote chenye zailitoli (xylitol, kitamu kinachotumika badala ya sukari), wala mifupa iliyopikwa. Dawa za maumivu za binadamu, paracetamol na ibuprofen zikiwemo, weka mbali naye kabisa.

Hatua ya 10: Chanjo, na kumfundisha ubwa

Chanjo za kwanza, za distempa, pavo na homa ya ini, huanza wiki ya sita hadi ya nane, zikirudiwa kila wiki tatu au nne mpaka wiki ya 16. Aliyekosa dang'a, mwambie daktari, huenda akaanza mapema. Kichaa cha mbwa mara nyingi huchanjwa kuanzia wiki ya 12. Kabla chanjo hazijakamilika asitembezwe chini wanapopita mbwa usiowajua, kwa kuwa virusi vya pavo hukaa ardhini miezi mingi. Mbebe. Aone watu, watoto, magari, mwavuli ukifunguliwa, asikie ngurumo za jikoni, kwa sababu kati ya wiki ya tatu na ya 14 hivi ndipo anapozoea dunia.

Aliyelelewa peke yake ana tatizo moja ambalo hakuna chupa inayolitibu: hakuwahi kumuuma ndugu yake akasikia analia. Hajui meno yake yanauma. Mkutanishe na mbwa mpole mwenye chanjo, hata kama ni mara moja kwa wiki. Na akikung'ata mchezoni, usimpige wala usivute mkono kwa ghafla, kwani ataona mchezo umenoga. Toa mlio mmoja wa maumivu, simama, mpe mgongo nusu dakika, kisha urudi mcheze tena. Jitayarishe kwa wiki kadhaa za hivyo, na shati za mikono mirefu.